Ekzosi kugeuka njano na bluu: isome rangi kwanza, kusugua baadaye

Swali lilikuwa hivi: bomba la ekzosi la pikipiki limegeuka njano, mbele kidogo likawa bluu, pale linapotoka kwenye hedi (kichwa cha injini). Dawa ya kulisafisha ni ipi? Dawa zipo, nazitaja huko chini. Ila ukisugua leo bila kujua joto limetoka wapi, bluu itarudi baada ya safari mbili tatu, na utakuwa umelikwangua bomba bure.

Hiyo si rangi iliyomwagikia bomba. Chuma kikipata joto, hewa inakijengea utando mwembamba wa oksidi, na mwanga ukipita kwenye utando huo unatoa rangi, kama tone la mafuta linavyofanya upinde wa mvua juu ya maji. Utando ukinenepa, rangi inabadilika. Kwa stenlesi ya kawaida (ile inayoitwa 304), njano hafifu huanza karibu nyuzi 290 za Selsiasi, hudhurungi karibu 390, zambarau 450, bluu 540. Chuma cha kawaida hufika bluu mapema zaidi, karibu nyuzi 300. Ni makadirio tu, kwa sababu muda nao una kazi yake: joto dogo la saa nyingi linaweza kufanana na joto kali la dakika chache.

Sasa angalia rangi iko wapi. Njano ya dhahabu au hudhurungi kwenye kona ya kwanza ya bomba la ukuta mmoja (lisilo na ganda la pili) ni kawaida kabisa, hata kwa pikipiki mpya. Bluu nzito inayoshuka hadi kona ya pili, au iliyotokea ghafla kwenye bomba lililokaa miaka na njano yake, hiyo ni habari nyingine. Mwenye silinda mbili ana kipimo cha bure: linganisha bomba moja na jenzake. Moja likiwa na njano na lingine bluu, tatizo liko upande wa hiyo bluu, usihangaike na petroli wala na aina ya bomba.

Sababu ninayoishuku kwanza ni hewa nyingi na mafuta kidogo. Mtu amefunga ekzosi ya wazi na filta ya wazi, kabureta ameiacha na jeti zilezile (vitundu vinavyopima mafuta). Fungua plagi baada ya mwendo mzuri: kauri yake ikiwa nyeupe pe, injini inaona njaa, ikiwa rangi ya chai ya maziwa, mchanganyiko uko sawa. Kama bomba linachemka kwenye mwendo mkubwa, panda saizi moja ya jeti kuu, tembea, angalia plagi tena. Kama ni kwenye mwendo mdogo, gusa skrubu ya kabureta, na hapa ndipo wengi wanapoharibu: skrubu iliyo upande wa filta ni ya hewa, kuifungua kunaongeza hewa, iliyo upande wa injini ni ya mafuta, kuifungua kunaongeza mafuta. Ukizichanganya unazidisha ugonjwa. Zungusha robo mzunguko kwa mara moja, si zaidi.

Kabla ya jeti, lakini, hakikisha hakuna hewa ya wizi. Mpira unaounganisha kabureta na injini hupasuka kwa chini, mahali jicho halifiki. Washa injini, paka maji ya sabuni kwenye mpira na viungo vyake. Muungurumo ukibadilika, umempata mwizi. Wengine hupuliza petroli hapo. Injini ina moto, acha.

Gasketi ya ekzosi nayo huvuja. Dalili zake ni masizi meusi kuzunguka kiungo cha hedi na bomba, na milio ya pa-pa-pa ukiachia mafuta: hewa ya nje inavutwa ndani na mafuta ambayo hayakuungua yanawakia kwenye bomba. Gasketi ya pete hubonyea mara moja tu, hivyo ukifungua bomba weka mpya. Kaza nati kwa zamu, kidogo huku kidogo kule, kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki. Washa mpaka ipate moto, iache ipoe kabisa, halafu rudia kukaza. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa, na kesho yake kiungo kinavuja.

Sababu zinazobaki ni taimingi iliyochelewa (plagi inatoa cheche kwa kuchelewa, moto bado unawaka valvu ya kutolea moshi ikifunguka), nafasi ya valvu hiyo kubana kupita kiasi, na kuiacha pikipiki ikiunguruma imesimama. Dakika kumi bila upepo zinatosha kulipaka bomba jipya bluu. Ukirekebisha kabureta, weka feni mbele.

Haya, kusafisha. Bomba liwe baridi. Osha kwa sabuni, kausha, kisha jua unashika chuma gani, maana dawa ya kimoja ni sumu ya kingine.

Kromu inang'aa kama kioo na kwa kawaida sumaku inashika. Tabaka lake ni jembamba mno, mara nyingi chini ya mikroni moja (sehemu ya elfu ya milimita), na chini yake kuna nikeli. Msasa ni marufuku. Tumia polishi ya kromu na kitambaa laini. Kiatu au mfuko wa plastiki ulioungulia hapo unatoka kwa stili waya laini kabisa, ile ya namba 0000, ikiwa na polishi. Vidoa vya kutu sugua kwa foili ya alumini iliyoloweshwa maji. Alumini ni laini kuliko kromu. Ukiona sehemu imeanza kuwa na umanjano usiotoka, simama: umefika kwenye nikeli, na hapo suluhisho ni kupigwa kromu upya.

Stenlesi inavumilia zaidi. Njano inatoka kwa polishi ya metali, au kwa unga wa kusafishia wenye asidi ya oksaliki uliofanywa uji: paka, subiri dakika moja, sugua, suuza sana, na vaa glavu. Bluu nzito inataka msasa wa maji namba 800, kisha 1000, 1500, 2000, daima mwelekeo mmoja, halafu polishi. Stili waya ya kawaida usiiguse hapa, huacha chembe za chuma zinazoota kutu baadaye. Dawa za choo na za kung'arishia nguo pia hapana: klorini na asidi ya haidrokloriki hutoboa vishimo.

Titani iache na bluu yake, watu wanailipia. Bomba lililopakwa rangi nyeusi halisafishwi, linapakwa upya kwa rangi ya joto kali.

Ukimaliza, futa bomba zima kwa asetoni au spiriti na kitambaa safi, iache ikauke kabisa kabla ya kuwasha, na usiliguse tena kwa mkono mtupu. Mafuta ya vidole yanaungua mara ya kwanza injini inapopata moto, na ukipoesha unakuta alama nne za hudhurungi na dole gumba upande wa pili, mistari ya ngozi yote ikionekana.