Rangi 36, tangi moja: nipunguze zipi?

SWALI: Mama, shikamoo. Nina kiwanda kidogo cha rangi za maji hapa Mwanza, chenye tangi moja la kuchanganyia, la lita 500. Ninauza rangi 36, kila moja kwa ubora wa aina tatu: ya bei nafuu, ya kawaida na ya kung'aa. Kila aina naipaki kwenye kopo la lita 1, kopo la lita 4 na ndoo ya lita 20. Stoo imejaa hadi mlangoni, lakini haipiti siku bila mteja kuondoka kwa sababu rangi anayoitaka haipo. Mhasibu anasema nifute rangi zisizotoka. Mke wangu, ambaye ndiye anayeuza dukani, anasema tukizifuta wateja watahamia kwa jirani. Nimsikilize nani? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Msikilize mkeo. Mhasibu ameona ugonjwa, lakini dawa aliyoandika siyo.

Zidisha hizo namba zako: 36 mara 3 mara 3 ni bidhaa 324. Kila moja inataka lebo yake na nafasi yake stoo. Halafu angalia tangi. Ukichanganya zambarau mpauko, tangi linakupa ndoo 25 za zambarau mpauko, utake usitake, hata kama mji mzima umeagiza nne. Ukisema uchanganye kidogo tu, kisu cha mikisa hakizami sawasawa na rangi inatoka na chembechembe. Kwa hiyo stoo yako haikujazwa na wingi wa rangi. Imejazwa na mazoea ya kuitia rangi jina lake ikiwa bado ndani ya tangi.

Sisi wa viwanda vya kuchanganya na kupika hatuko kama waunda baiskeli. Wao wakikosea usukani wanafungua nati na kufunga mwingine. Rangi iliyokwisha kuwa kahawia hairudi kuwa krimu. Ni kama jikoni: wali mweupe unaweza kwenda na maharage, samaki au mchicha, lakini ukishakuwa pilau ni pilau tu. Ndiyo maana anayepanga familia ya bidhaa za kiwanda chetu lazima ajiulize swali moja kabla ya mengine yote: ni hatua gani ambayo bidhaa ikiipita hairudi tena? Hatua hiyo uisogeze mwisho kabisa, kadiri kemia inavyokuruhusu. Benetton, wale washonaji wa sweta wa Italia, walijulikana dunia nzima kwa jambo hilihili: walifuma sweta bila rangi, wakazitia rangi baada ya kuona soko linataka ipi.

Kwako wewe hatua hiyo iko wapi? Rangi ya maji ni maji, gundi, unga mweupe wa titaniamu, chokaa, dawa ya kuifanya iwe nzito na dawa ya kuzuia isioze. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoifanya iwe zambarau. Zambarau inaletwa na rangi nzito ya kukoleza, nayo ni sehemu ndogo sana ya ndoo. Basi tangini tengeneza rangi mama tu, yaani rangi ya msingi ambayo bado haijakolezwa, na ukolezaji ufanyie kwenye ndoo yenyewe, mteja akishalipa.

Usijidanganye, hata hivyo, kwamba rangi mama moja nyeupe itatosha. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Titaniamu inapigana na rangi ya kukoleza. Ukitaka damu ya mzee kutoka kwenye nyeupe, utamimina na kumimina na bado utapata waridi. Na rangi za kukoleza hazina gundi ndani yake. Ukizidisha, ukuta unakauka polepole, unanata, na mvua ya kwanza inauchuruza. Unahitaji rangi mama tatu: moja yenye titaniamu kamili kwa rangi mpauko, moja yenye titaniamu kidogo kwa rangi za kati, na moja isiyo na titaniamu kabisa kwa rangi zilizokolea. Hiyo ya tatu koponi inaonekana kama maziwa, na mteja asiyeijua atadhani umemuuzia gundi. Mweleze. Na kopo la rangi mama usilijaze hadi juu: acha nafasi ya kitakachoongezwa, kubwa zaidi kwenye ile isiyo na titaniamu, kwa sababu ndiyo inayonywa rangi nyingi.

Sasa ubora wa aina tatu. Nilipokuwa msimamizi wa uchanganyaji, Dar es Salaam, jambo lililonifurahisha kuliko yote ni kuona kwamba tofauti kati ya rangi ya bei nafuu na ile ya kung'aa iko hasa kwenye uwiano wa gundi na unga. Gundi nyingi, ukuta unang'aa na unafutika kwa kitambaa. Chokaa nyingi, ukuta unakuwa na vinyweleo na ukiusugua unatoa vumbi. Kwa hiyo unaweza kusaga uji wa titaniamu peke yake na uji wa chokaa peke yake, ukaviweka kwenye mapipa, kisha kila aina ukaipata kwa kuvipima pamoja na gundi. Kazi ngumu ya kusaga, inayotaka mwendo mkali, unaifanya mara moja kwa aina zote tatu. Gundi inaingia mwishoni kwa mwendo wa taratibu, maana mwendo mkali unaivunja. Ila uji huo unatuama chini na unaoza kwa joto letu. Tia dawa ya kuzuia kuoza, ukoroge kila siku, usiulaze muda mrefu.

Na si kila aina inastahili kila kitu. Anayenunua rangi ya bei nafuu hanunui damu ya mzee kwa kopo la lita 1. Mimi ningepanga hivi: bei nafuu, rangi mama mbili kwa vipimo viwili, ya kawaida, rangi mama tatu kwa vipimo viwili, ya kung'aa, zote tatu kwa vipimo vitatu. Hizo ni bidhaa 19. Ongeza rangi za kukoleza, tuseme 12. Kwa vitu 31 stoo, mkeo anaweza kumpa mteja zile 36 zote na nyingine ambazo jirani hana. Lebo nayo iwe moja kwa kila aina, jina la rangi libandikwe kwa stika siku ya kuuza.

Kuna rangi usizozikoleza kwenye ndoo. Nyeupe ijaze kopo moja kwa moja. Krimu pia, kama inatoka kila wiki. Na ile kahawia ya chini ya ukuta, ambayo watu wanapaka ili matope ya mvua yasionekane: kama shule na nyumba za kupanga zinakumalizia tangi zima, ichanganye tangini bila wasiwasi. Kinachotoka kwa tangi kitengenezwe kwa tangi. Ratibu siku zako kutoka mpauko kwenda kukolea, nyeupe asubuhi, kahawia mwisho, ndipo uoshe. Maji ya kusuuzia nyeupe yatie dawa, yawe maji ya kuanzia nyeupe inayofuata, badala ya kuyamwaga mtaroni yakaishie ziwani.

Ukolezaji usiuachie jicho la kijana wa dukani. Nunua mizani ya gramu, andika kadi ya kila rangi, pima kwa uzito. Kisha fanya jaribio hili kila ndoo, halichukui hata dakika tano: paka rangi kwenye karatasi ngumu, isubiri ianze kushika, halafu sugua sehemu ndogo kwa kidole. Mahali uliposugua pakigeuka kuwa na rangi kali au hafifu kuliko pembeni, ujue rangi ya kukoleza haijasambaa vizuri, au haipatani na rangi mama yako. Ndoo hiyo isitoke. Fundi akiipaka kwa brashi pembeni na rola katikati, ukuta utakuwa na rangi mbili na lawama utazibeba wewe. Na kwa kuwa fomula zako zitabadilika, zungumza na TBS, shirika la viwango, kabla ya kuingiza mpya sokoni.

SWALI: Tunasindika maziwa Njombe. Je, mtindi na yogati vinaweza kutoka tangi moja, na ladha ya vanila, stroberi na karanga tuzitie lini? – Kikundi cha akina mama

JIBU: Vinaweza kutembea pamoja hadi mwisho wa kuchemsha. Nyuzi 85 hadi 90 kwa nusu saa vinafaa vyote viwili. Baada ya hapo njia zinaachana: kimea (bakteria wa kugandishia maziwa) cha yogati kinataka nyuzi 42 hadi 45, cha mtindi kinafanya kazi vizuri kwenye nyuzi ishirini na kitu, kwa hiyo gawanyeni maziwa kabla ya kutia kimea na muwe na vyombo viwili. Yogati igandeni bila ladha, ipozeni, ikorogeni, ndipo ladha iingie kwenye ndoo ndogo kulingana na oda. Anzeni na isiyo na ladha, kisha vanila, kisha stroberi. Karanga iwe ya mwisho kabisa, na vyombo vyake vioshwe kwa maji moto na sabuni kabla ya kitu kingine kupita, kwa sababu kuna watoto ambao chembe ya karanga inatosha kuwapeleka hospitali. Andikeni "karanga" kwenye kikopo kwa herufi kubwa.