Soko la kamera za usalama linakua duniani kote: je, hiyo ni sababu ya kubadilisha mfumo wetu?

SWALI: Mhandisi, salaam. Nasimamia utawala katika taasisi yenye majengo 3 na kamera 40 za zamani. Kampuni moja imetuletea pendekezo la kung'oa zote na kufunga mpya zenye akili mnemba na utambuzi wa sura. Picha zitahifadhiwa kwenye seva zao, nasi tutalipa ada kila mwaka. Hoja yao kubwa ni kwamba soko la teknolojia hii linapaa duniani na asiyehama sasa atajuta. Mkurugenzi ameshakubali kwa nusu, na mimi sina utaalamu wa kubishana nao. Je, ukuaji huo ni wa kweli? Na niwaulize nini kabla hatujasaini?

JIBU: Salaam, ndugu yangu. Ukuaji ni wa kweli, kwa hiyo usipoteze nguvu kubishania hilo. Jiulize ukuaji huo umetoka wapi, kwa sababu ukishaelewa hapo utaona kwa nini pendekezo mlilopewa limeandikwa namna lilivyoandikwa.

Kamera ya usalama inayochomekwa moja kwa moja kwenye mtandao wa kompyuta ilianza kuuzwa na kampuni ya Axis ya Sweden mwaka 1996. Kabla ya hapo ilikuwa nyaya na kanda. Mfumo wa kubana video wa H.264 ulipokuja mwaka 2003, picha nzuri ikaanza kupita kwenye mtandao wa kawaida bila kuuziba, na biashara ya simu za mkononi ikashusha bei ya vihisi vya picha. Kisha kampuni za China, Hikvision na Dahua, zote za Hangzhou, zikakua kwa miradi mikubwa ya nyumbani kwao na kuuza nje kwa bei ambayo washindani wengi hawakuimudu. Serikali nazo zikawa wateja wakubwa: utafiti wa taasisi ya Carnegie uliotolewa mwaka 2019 ulikuta kwamba kati ya nchi 176 zilizochunguzwa, angalau 75 zilikuwa zinatumia akili mnemba katika ufuatiliaji.

Bei ya kamera ilipoporomoka, faida ya kuuza kifaa ikaporomoka nayo. Ndiyo maana wauzaji wamehamia kwenye leseni za programu, uchambuzi wa picha na ada ya kila mwaka. Si dhambi, ni biashara, na kuna taasisi zinazofaidika nayo kweli. Lakini ujue kwamba msukumo wa kuhama unatoka kwenye hesabu zao kabla ya kutoka kwenye mahitaji yenu.

Kuhusu kama kamera zinapunguza uhalifu, yapo majibu ya kitafiti. Mapitio ya tafiti za miaka 40, yaliyochapishwa mwaka 2019, yalikuta upungufu wa wastani wa asilimia 13 kwenye maeneo yenye kamera ukilinganisha na yasiyo nazo. Faida ilionekana zaidi kwenye maegesho ya magari, wakati kwa uhalifu wa kutumia nguvu haikuonekana faida ya maana. Mifumo iliyokuwa na watu wanaoangalia picha kwa makini, pamoja na hatua nyingine za ulinzi, ilifanya vizuri zaidi. Kwa hiyo kabla ya kuongeza kamera, angalia kama mnaye mtu wa kuziangalia.

Sasa tuje kwenye kipimo ambacho wauzaji wengi hawakitaji, na mimi nakiona ndicho cha kwanza: pikseli, yaani nukta ndogo zinazounda picha, kwa kila mita. Kiwango cha kimataifa cha IEC 62676-4, katika toleo lake la mwaka 2014, kilisema kwamba ili utambue kuwa kuna mtu tu, unahitaji takriban pikseli 25 kwa kila mita ya upana wa eneo linaloonekana. Ili umtambue mtu unayemfahamu, 125. Ili umthibitishe mtu ambaye hujawahi kumwona, 250.

Chukua tepu uende getini. Tuseme kamera imewekwa juu ya nguzo na inaona upana wa mita 20. Kamera ya kawaida yenye picha ya pikseli 1920 kwa upana inakupa 96 kwa mita. Utajua mtu alipita na alivaa shati jekundu. Kuapa kuwa ndiye yeye, huwezi. Ukinunua ya 4K, yenye pikseli 3840, unapata 192: mfanyakazi mwenzako utamtambua, mgeni bado. Lakini chukua kamera yenu ya zamani, hata yenye pikseli 1280 tu, ishushe usawa wa kichwa na uielekeze kwenye mlango ili ione upana wa mita 4. Hapo una 320, na umeipita ile ya bei kubwa bila kununua kitu. Ndiyo maana nashauri kila mteja apime kwanza. Mara nyingi tatizo ni mahali kamera ilipofungwa na pembe iliyopewa, na hata kamera mpya ikifungwa kwenye nguzo ileile itarithi kasoro hiyohiyo.

Usiku ni mtihani mwingine. Mwanga ukipungua, kamera inaacha mlango wa mwanga wazi kwa muda mrefu zaidi ili ipate picha, na mtu anayetembea anageuka ukungu. Katalogi itakuonyesha picha ya usiku ya ukuta na gari lililoegeshwa. Dai ya mtu anayetembea.

Utambuzi wa sura unategemea hesabu hiyohiyo ya pikseli, kisha unaongeza matatizo yake. Desemba 2019, taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa ripoti ya majaribio ya algoriti 189, yaani programu zinazofanya kazi ya kulinganisha sura. Kwenye nyingi kati ya hizo, kosa la kumfananisha mtu na mwingine lilitofautiana mara 10 hadi 100 kutegemea asili ya mtu, na sura za Waafrika na za watu wa Asia Mashariki zilikuwa miongoni mwa zilizokosewa zaidi. Wanawake, wazee na watoto nao walikosewa zaidi. Algoriti bora zilikuwa na tofauti ndogo sana, kwa hiyo jina la algoriti iliyomo ndani ya kamera ni swali halali. Muuzaji asiyejua jina hilo hajui anachouza.

Hata algoriti nzuri inaelemewa na wingi wa watu. Tuseme milangoni mwenu wanapita watu 5,000 kwa siku na mfumo unakosea mara 1 katika kila 1,000. Hizo ni tahadhari 5 za uongo kila siku, 150 kwa mwezi. Kama mtu mnayemtafuta kweli anapita mara moja kwa mwezi, mlinzi atakuwa amesimamisha watu 150 wasio na hatia ili ampate mmoja. Baada ya wiki chache ataanza kuzipuuza tahadhari zote, pamoja na ile ya kweli. Na kwa anayesimamishwa si jambo dogo. Januari 2020, polisi wa Detroit, Marekani, walimkamata mtu mbele ya familia yake baada ya programu kufananisha picha hafifu ya kamera ya dukani na picha ya leseni yake ya udereva. Hakuwa yeye. Nalisema hili kwa uzito: kama hamna kazi mahususi inayohitaji utambuzi wa sura, uondoeni kwenye mkataba.

Suala la seva zao linahitaji hesabu pia. Kamera moja inayotuma megabiti 4 kwa sekunde inazalisha takriban gigabaiti 43 kwa siku. Kamera 40 zinazotuma mfululizo zinataka megabiti 160 kwa sekunde za kupandisha data, mchana na usiku, kabla hamjatuma hata barua pepe moja. Kwa siku 30 ni kama terabaiti 52. Waulize kama picha zote zinapanda au ni zile za matukio tu, na intaneti ikikatika kamera inarekodi wapi.

Halafu waulize nani kwao anaweza kuona picha zenu. Machi 2021, wadukuzi waliingia kwenye mfumo wa kampuni ya Verkada ya Marekani kwa kutumia akaunti ya msimamizi, wakafikia kamera takriban 150,000 za wateja, zikiwemo za hospitali, shule na magereza. Wateja hao hawakuwa wamekosea kitu. Ufunguo mkuu ulikuwa kwa muuzaji. Taka jibu la maandishi: wafanyakazi wangapi wana ufunguo huo, je, kila wanapoingia inabaki kumbukumbu, na ninyi mnaweza kuisoma?

Kuweka seva ndani nako hakukuokoi kama fundi ataacha neno la siri la kiwandani. Programu haribifu ya Mirai, mwaka 2016, iliteka kamera na vifaa vya kurekodi kwa kujaribu orodha fupi ya maneno ya siri ya kiwandani, na Oktoba mwaka huo jeshi la vifaa hivyo likaangusha huduma za Dyn, kampuni iliyokuwa ikielekeza watumiaji kwenye anwani za tovuti, na kufanya tovuti nyingi kubwa zisifikike. Badilisheni maneno ya siri, kamera zikae kwenye mtandao wake peke yake, na anayetaka kuziona akiwa mbali apite kwenye VPN, yaani njia ya siri iliyofichwa ndani ya intaneti. Muuzaji aandike atatoa masasisho ya usalama kwa miaka mingapi.

Kipengele cha mkataba cha kusoma mara mbili ni kile cha kuacha kulipa. Kuna mifumo ambayo ada ikikatika kamera inabaki pambo ukutani. Dai kamera zinazofuata ONVIF, utaratibu wa pamoja ulioanzishwa na Axis, Bosch na Sony mwaka 2008 ili vifaa vya kampuni tofauti vielewane. Orodha ya modeli zilizothibitishwa iko wazi kwenye tovuti ya ONVIF; tafuta humo modeli yenyewe, maana neno hilo kwenye boksi halitoshi. Na kama taasisi yenu ina mikataba na serikali ya Marekani, mwoneni mwanasheria kabla ya kununua Hikvision au Dahua, kwani sheria iliyopitishwa huko mwaka 2018 inagusa wanaofanya kazi na serikali hiyo.

Usimjibu mkurugenzi kwa hoja. Waombe wauzaji wafunge kamera moja getini kwenu kwa wiki mbili, nawe uielekeze upya moja ya zamani kwenye mlango huohuo kama nilivyoeleza. Baada ya hapo chagua wewe, si wao, tukio moja la saa nane usiku, uchape picha za kamera zote mbili na kumwekea mezani pamoja na bei ya miaka mitano, ada ikiwemo.