Dhahabu ya unga inakimbia kwenye mfereji: kabla ya kununua mashine, gusa chekeche na maji

Mkuu, umesema mzigo wako, yaani mchanga na mawe yaliyosagwa, ukiujaribu kwenye karai unaonyesha rangi ya dhahabu kila mara, ila mfereji wa kuoshea, ule uliotandikwa zulia la kunasa dhahabu, ukishaosha ndoo arobaini unabaki na mchanga mweusi mwingi na vichembe vya kuhesabu. Unauliza ununue mashine gani ya kukamata dhahabu ya unga. Kwa dalili hizo usinunue kitu kwanza. Karai limeiona, kwa hiyo dhahabu ipo na inaoshwa kwenda nje. Tafuta inapotelea wapi.

Chukua kilo mbili za marudio, yaani mchanga uliokwisha oshwa, pale mfereji unapomwagia, zikaushe, zichanganye, zigawe nusu kwa nusu. Nusu ya kwanza ioshe kwenye karai polepole kama ilivyo. Nusu ya pili isage kwenye kinu cha chuma hadi iwe unga, kisha uioshe vilevile. Ukiiona dhahabu kwenye nusu ya kwanza, mfereji wako ndio unaitupa. Ikionekana tu kwenye ile iliyosagwa, bado imefungwa ndani ya jiwe, na hapo tatizo ni karasha, ile mashine ya kusaga mawe: hata mfereji wa namna gani hautaishika. Wengi wanaruka jaribio hili, wanabadilisha zulia miezi mitatu huku dhahabu imelala ndani ya mawe.

Tuseme mfereji ndio unaotupa. Dhahabu safi ni nzito mara 19 kuliko maji, mchanga wa kawaida mara 2.65, ule mweusi unaovutwa na sumaku kama mara 5. Ukisikia namba hizo unadhani dhahabu haiwezi kushindwa. Lakini uzito huo unafanya kazi pale chembe zinapolingana ukubwa. Punje ndogo ya dhahabu ya milimita 0.1 inazama kwa kasi inayokaribiana na chembe ya mchanga mweupe yenye ukubwa wa mara tatu hadi nne hivi, na chembe ya mchanga mweusi yenye ukubwa wa mara mbili tu. Hapo nazungumzia punje ya mviringo. Ikiwa bapa kama gamba la samaki, inayumba majini kama jani na inazama polepole zaidi. Sasa wewe unamimina mzigo wenye kokoto za sentimita moja. Ili kokoto zitembee lazima ufungulie maji mengi, na maji hayohayo yanainyanyua dhahabu ya unga na kuondoka nayo.

Ndiyo maana nasema chekeche kwanza. Kwa mfereji, usipitishe kitu kinachozidi milimita 2 au 3. Mawe makubwa yaoshe juu ya chekeche, yakague kwa macho, yatupe. Kama kuna mfinyanzi, loweka mzigo kwenye pipa usiku kucha na uukoroge kwa nguvu kabla ya kuchekecha. Donge la mfinyanzi likibingirika juu ya zulia linaokota dhahabu iliyokwisha kaa na kuipeleka nje, utadhani limetumwa. Maji unayoyarudia kutumia nayo yakiwa mazito kama uji, chembe ndogo hazizami, kwa hiyo weka mashimo mawili ya kutulizia na uvute maji kwa pampu kutoka la pili.

Chembe za mzigo zikishakuwa ndogo, punguza maji. Mwinamo wa kuanzia ni sentimita 8 kwa kila mita ya urefu, halafu rekebisha kwa macho. Maji yawe na kina cha sentimita 1 hadi 2 juu ya zulia, yatembee bila kuruka. Chota mzigo kidogo kidogo kwa koleo dogo, kwa mwendo mmoja. Kumwaga ndoo nzima kwa mkupuo kunaziba nyuzi za zulia, kisha maji yanajikusanya nyuma ya mzigo na kufyatuka kama bwawa lililobomoka. Vizuizi virefu vya mbao au chuma ni vya dhahabu nene, maana nyuma yake maji yanazunguka kwa nguvu. Kwa unga, zulia lenye nyuzi fupi zilizosimama au mpira wenye mistari myembamba unatosha.

Kisha zulia. Liguse kwa kidole kila baada ya nusu saa. Likiwa bado linabonyea na mchanga unachezacheza ndani ya nyuzi, endelea. Likiwa gumu kama sakafu, mchanga mweusi umeshajaa na kuanzia hapo unaosha bure, kila punje mpya inateleza juu. Mzigo wenye mchanga mweusi mwingi unaweza kukulazimu kulitoa kila saa moja. Ile tabia ya kuosha zulia jioni tu, nadhani ndiyo inayokumaliza wewe.

Kata zulia vipande vitatu, uvioshe kila kimoja kwenye beseni lake. Dhahabu nyingi inatakiwa iwe kwenye kipande cha juu. Ukiona kwa macho dhahabu kwenye cha tatu, jua ipo nyingine iliyokwisha toka. Ukitaka uhakika zaidi, hesabu vigamba 20 vidogo vya dhahabu, vichanganye kwenye ndoo moja ya mzigo usio na dhahabu, uupitishe, halafu uvitafute. Ukivipata 12, una jibu ambalo hakuna muuza mashine atakayekupa.

Sasa huo mchanga mweusi uliobaki. Hapa ndipo unga unapopotea mara ya pili, safari hii mkononi mwako. Uchekeche tena kwa makundi: unaobaki juu ya tundu la milimita 0.8, kati ya 0.8 na 0.3, kati ya 0.3 na 0.15, na chini ya hapo. Kila kundi lioshe peke yake, hata kama ni kijiko kimoja. Ukiyachanganya umerudi kwenye shida ileile ya mfereji. Kwenye maji ya karai tia tone moja la sabuni ya maji. Dhahabu iliyoshika mafuta ya mikono au ya injini inaelea juu ya maji kama vumbi linalong'aa, na sabuni inaivunja ile ngozi ya maji ili izame. Tone moja tu, povu likijaa hutaona kitu.

Sumaku itumie mchanga ukiwa mkavu na umetandazwa mwembamba. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki, ipitishe juu sentimita 2 hivi ili mchanga uruke kuifuata. Ukiizamisha katikati ya mchanga, ule mweusi unajikunja kwa mashada na kubeba dhahabu ndani. Ulichokivuta kiachie kwenye beseni lingine, kipitishie sumaku mara ya pili, na usikitupe kabla ya kukiosha. Utabaki na mchanga mzito usiovutwa na sumaku, na huo ndio mkaidi.

Kwa huo tengeneza meza ndogo: ubao laini wa sentimita 30 kwa 60, uliopakwa rangi ya ubao wa shule, ukasuguliwa kwa msasa laini. Uinamishe sentimita 1 hadi 2 tu kwa urefu wote. Maji yatoke kwenye bomba lenye vitundu vingi upande wa juu, yashuke kama karatasi moja nyembamba. Yakijigawa kuwa vijito, ubao una mafuta, usugue tena kwa sabuni. Weka kijiko cha chai cha mchanga wa kundi moja karibu na juu, usubiri. Mchanga mweusi unaanza kutembea wenyewe, dhahabu inabaki imeganda kama mkia wa njano. Brashi laini inasaidia kukitawanya kilichorundikana. Ukiona dhahabu inatembea, maji ni mengi au mwinamo umezidi. Ni kazi ya uvumilivu, lakini hakuna kifaa cha bei hiyo kinachotenganisha vizuri zaidi.

Kuhusu zebaki, kwa sababu najua atatokea wa kuitaja: dhahabu iliyofunikwa na kutu au mafuta haishikwi nayo, na zebaki ikisagika inakuwa vitone vidogo vinavyoondoka na maji pamoja na dhahabu uliyokuwa unaitafuta. Moshi wake unaingia mwilini mwa aliye karibu. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 unazitaka nchi wanachama zenye wachimbaji wadogo zipunguze matumizi yake na, pale inapowezekana, ziyaondoe kabisa.

Kama mzigo wa mwisho umekuwa wa njano kuliko mweusi, yeyusha kwa boraksi, ile chumvi nyeupe ya unga ya kuyeyushia madini. Dhahabu inayeyuka kwenye nyuzi 1064 za Selsiasi, na boraksi inafanya takataka za madini mengine ziyeyuke kwa moto mdogo kuliko kawaida yake, ziwe kama kioo kinachoelea huku dhahabu ikizama. Anza na boraksi sawa na uzito wa mzigo. Funga vyote kwenye kipande cha karatasi iliyolowa kidogo kabla ya kuweka chunguni, la sivyo upepo wa moto utapeperusha ule unga wote ulioupigania. Ikibaki tope nzito isiyotiririka, ongeza boraksi kidogo na uendelee na moto. Kile kioo kikipoa kivunje, kisage, ukioshe kwenye karai: mara nyingi vitone vidogo vya dhahabu vinakuwa vimenasa humo.