Kabla ulipie CD ya muziki wa gemu, soma pete ya ndani

Wasee huniuliza CD za muziki wa gemu natoa wapi nikiwa hapa Kisumu, na mimi huwaambia waanze na mafundi wa redio za gari. Gari nyingi zinazokuja Kenya zimetumika Japani, na mwenyewe wa kwanza akiuza anasahau CD ndani ya redio ama kwa dashibodi, fundi akitoa hiyo redio aweke ingine CD zinabaki hapo zikikusanya vumbi. Nyingi ni pop ya kawaida, lakini chambua zote polepole maana ya gemu hujificha katikati. Mwambie tu, "Baba, ukiona CD ya maandishi ya Kijapani niwekee," halafu uwe unampitia, usipotee. Soko la Kibuye hapa Kisumu, Jumapili pia mimi huzunguka kwa wauzaji wa elektroniki za mitumba, ila huko ni bahati.

Sasa ukishaipata, ama umeiona mtandaoni na unataka kutuma pesa, wachana na kava kwanza. Kava mtu yeyote anaprinti. Geuza CD, shika pembeni, washa tochi ya simu na uiinamishe kidogo kidogo mpaka maandishi yatokee kwenye pete iliyo karibu na tundu la katikati. Hapo mara nyingi utapata namba ya katalogi, yaani ile kampuni imeipa albamu, na pengine herufi IFPI (shirikisho la kampuni za muziki duniani) na msimbo mfupi. Misimbo ya IFPI ilianza 1994, kwa hivyo ukiuziwa albamu ya 1991 eti ni chapa ya kwanza na msimbo uko hapo, jua hiyo ilichapwa baadaye. Ikikosa msimbo, hilo peke yake halisemi ni feki.

Watu wengi wanadhani feki ni ile ya kuchomwa na kompyuta, yenye mgongo wa kijani ama bluu. Hapana. Zile feki za Taiwan, kama za lebo za Son May na Ever Anime, zilichapwa kiwandani na zinang'aa fedha kabisa, rangi haitakusaidia. Zinazozianika ni namba na obi, ile karatasi nyembamba inayokumbatia ubavu wa CD za Kijapani, kwa sababu nyingi hazina.

Chukua mfano wa albamu ya gemu ya Kijapani Final Fantasy VII, muziki wa Nobuo Uematsu. CD 4, zilitoka Februari 1997 kwa kampuni ya DigiCube, namba SSCX-10004. DigiCube ilifilisika 2003, mwaka uliofuata kampuni ya gemu Square Enix wakazitoa tena kwa namba zinazoanzia SQEX-10001. Zote mbili ni halali na muziki ni ule ule, lakini bei ya mkusanyaji si moja, na mwuzaji akikupigia picha ya kava tu hutajua anakuuzia gani. Itisha picha ya pete na ya ubavu. Akikataa, pesa yako ibaki kwa M-Pesa yako.

Na obi usitupe jamani! Nyingi zina bei mbili, moja na kodi ya mauzo na ingine bila, piga hesabu tu. Kodi Japani ilikuwa 3% kutoka 1989, ikawa 5% Aprili 1997, 8% ikaja 2014. Ukipata 3% basi hiyo karatasi ni ya kabla Aprili 1997, na hakuna mtu amekuambia. Mimi hii ndio sehemu napenda kushinda zote, kukaa na karatasi ya yen na kalkuleta nikitafuta mwaka. Halafu linganisha na VGMdb, tovuti ya orodha ya albamu za muziki wa gemu, hapo kuna namba, tarehe, urefu wa kila wimbo, na zile feki zimewekwa alama.

Sisi wa karibu na ziwa tuna shida ya unyevu, vijitabu vinaota ukungu haraka. Weka mbali na ukuta na jua. Usibandike stika juu ya CD wala kuandika na kalamu ya ncha ngumu, kwa sababu ile aluminiamu inayobeba muziki iko upande wa juu, chini ya vanishi nyembamba tu, mkwaruzo wa huko hauponi. Ukifuta, toka katikati uende nje, usizungushe.