Nusu kidonge tu, na paka akafa

Mwauliza wiki hii, ukifuga mbwa au paka unamlinda vipi mwaka mzima asipate maradhi wala madhara. Mimi niko Lamu, mtaa wa Langoni, na huku kwetu paka ni kama majirani tu, wanalala madakani, mashua zikirudi wanashuka gatini na wanamjua kabisa mvuvi gani ana roho nzuri. Nyumbani tunao watatu wetu wenyewe na shambani Hindi, upande wa bara, kuna mbwa mmoja, Simba. Jibu langu ni kwamba wanyama niliowazika mimi, wengi wao hawakuuliwa na mtu mbaya, waliuliwa na mtu aliyewapenda ila hakujua.

Wa kwanza alikuwa Kaimati, paka wa rangi ya chungwa. Alikaa siku mbili hali chakula, mwili moto, mamangu akamuonea huruma akavunja nusu kidonge cha parasetamoli, ile ya miligramu 500 tunayomeza sote kichwa kikiuma, akaisaga akamchanganyia kwenye mchuzi wa samaki. Kufika magharibi uso umefura, miguu ya mbele imefura, nikamfungua kinywa nikaona ufizi umegeuka hudhurungi kama chai ya rangi, na anahema kwa taabu. Alfajiri tukamkuta ashakufa. Daktari wa mifugo ndo akatueleza baadae kwamba ini la paka haliwezi kuivunja ile dawa, inageuka sumu, damu inashindwa kubeba hewa, na hiyo nusu inatosha kabisa kuua. Akasema pia lau tungemkimbiza saa ile ile kuna matibabu, lakini sisi tulikuwa twangojea dawa ishike. Mamangu alilia sana. Kwa hivyo ndugu zangu dawa ya binadamu isiingie kinywani mwa paka, hata robo, hata kwa huruma.

Viroboto navyo, watu wanapaka mafuta ya taa. Wallahi msifanye hivo, yanamchoma ngozi na paka kazi yake ni kujilamba kutwa, kwa hivyo yote anayameza. Na ile dawa ya kupe ya mbwa usimtilie paka ukasema wote ni wanyama, soma kwanza karatasi yake, ukiona permethrini basi ni ya mbwa peke yake, paka ataanza kutetemeka mwili mzima na anaweza kufa. Sumu ya panya sisi tumeacha kabisa kuweka, manake panya akishaila anakuwa mlegevu, paka anamkamata kirahisi na sumu inahamia kwake.

Sasa hii ya ndoana nataka niieleze vizuri kwa sababu huku inatokea sana. Mwaka jana paka wetu mweupe alirudi kutoka pwani, mshipi wa nailoni unaning'inia mdomoni kama shibiri moja, anatema mate, anajifuta kwa mkono wake. Ami yangu akataka kuuvuta, nikamshika mkono. Ukivuta, ndoana inazama zaidi, na kama mshipi ushapita tumboni unaweza kuyakata matumbo kama kisu. Wala usiukate karibu na mdomo, daktari anautumia kufuata ndoana iko wapi. Tulimfunga kwenye kanga mikono ndani, kichwa nje, tukamtia kikapuni, na daktari akaitoa kooni akiwa amelazwa usingizi. Yuko mzima mpaka leo. Basi wavuvi na watoto mnaovua ukutani, mishipi iliyokatika rudini nayo nyumbani.

Na bunju, yule samaki anayejifura! Wavuvi wanamtupa mchangani kwa sababu wanajua sumu yake, lakini mbwa hajui. Sumu iko kwenye ini, kwenye mayai, kwenye ngozi, na hata ukimpika moto hauivunji. Mbwa akila anaanza kulegea miguu halafu pumzi zinakatika. Ukimkuta bunju ufukweni mfukie mbali au mrudishe baharini.

Mambo mengine yanakuja na pepo. Wakati wa kaskazi, Disemba mpaka Machi, jua ni kali, na yule paka wetu mweupe ncha za masikio zilikuwa zinababuka, nikadhani ni upele kumbe ni jua, na daktari akasema kidonda cha hivo kikiachwa miaka kinaweza kugeuka saratani. Sasa mchana anashinda ndani. Masika zikianza kupe wanazidi, Simba namkagua kwa vidole kila jioni, ndani ya masikio, baina ya vidole, chini ya mkia, na ufizi wake nautazama, ukiwa mweupe najua kupe wameshampa homa. Dawa ya minyoo kila miezi mitatu, basi.

Chanjo ya kichaa cha mbwa sina mjadala nayo, akifika miezi mitatu achanjwe na kila mwaka arudiwe, na paka pia, manake naye anaambukizwa na anaambukiza. Kichaa kikishaonyesha dalili hakina dawa, si kwa mnyama si kwa mtu. Mtoto akiumwa msipake pilipili wala mafuta, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, halafu hospitali siku hiyo hiyo akapigwe sindano.

Kufunga kizazi watu wa mtaani wananilaumu, wanasema nawaonea. Lakini paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano, na miezi miwili baadae anazaa, nimechoka kuokota watoto waliokufa mfereji wa nyuma ya nyumba. Mkimwona paka amekatwa ncha ya sikio moja, hajaumizwa na mtu, ni alama kwamba ashafungwa, msimkamate tena.

Kesho asubuhi zamu ya chanjo ni ya yule mdogo. Kikapu cha ukili kiko tayari mlangoni, nimetandika kanga kuukuu ndani, na tangu jana naweka chakula chake humo humo ili akizoee, na sasa hivi naandika haya amelala ndani yake.