Ukibishana kuhusu muvi, taja tukio

Binti mmoja anayesoma chuo Morogoro ameniandikia wiki hii: "Dada, napenda muvi kuliko kitu chochote, lakini nikichangia mbele ya washkaji zangu wanasema sijui ninachoongea. Nifanyeje?" Ujumbe huu umenigusa penyewe. Na najua wengi wenu mnaonisoma mna kiu ileile: mnataka mkizungumzia filamu watu wasikilize, na baadhi yenu mna miswada yenu kwenye daftari. Basi tuongee.

Sisi genge letu hukutana Sinza jioni za Jumamosi, kwa rafiki yetu mwenye televisheni kubwa. Zamani neno la mwisho pale lilikuwa la kaka mmoja anayejua tuzo zote na miaka yake. Nikisema mwigizaji fulani hajanigusa, ananirukia: "Mwenzio kachukua Oscar, wewe umechukua nini?" Sebule nzima inacheka. Kicheko kile kinaniuma mpaka leo, na sioni haya kukisema. Nilikuwa naona vitu kwenye zile picha, naviona kabisa, ila nikifungua mdomo linatoka neno moja tu, "sijampenda," na hilo halimshindi mtu mwenye orodha ya tuzo.

Siku upepo ulipogeuka tulikuwa tunaangalia The Last King of Scotland ya 2006, Forest Whitaker akiwa Idi Amin. Kwetu huyo si mtu wa kusikia redioni. Mwenyeji wetu ni wa Kagera, na wazee wake waliiacha nyumba yao majeshi ya Amin yalipovuka mpaka mwaka 1978. Muvi ilipoisha akasema Whitaker kazidisha: macho yale, kicheko kile, Amin kawa kikaragosi. Kaka wa tuzo akatoa silaha yake ya siku zote. Oscar ya mwigizaji bora, 2007, mtu kajifunza mpaka Kiswahili kwa ajili ya uhusika, mjadala umefungwa.

Nikaomba rimoti. Nikarudisha mpaka pale gari la Amin limegonga ng'ombe na mkono wake umeumia, daktari kijana wa Kiskoti anaufunga bandeji. Ng'ombe anaugulia pembeni. Kijana uvumilivu unamwisha, anachukua bastola ya Amin mwenyewe na kummaliza yule mnyama. Nikawaambia wenzangu, sasa mtazameni Whitaker usoni tu. Anamkazia macho kijana, jicho moja kope imelegea kidogo, na hujui kama atacheka au ataua. Kisha anaambiwa huyu ni Mskoti. Uso unachanua kama wa mtoto aliyeletewa nguo ya Idi, na muda si mrefu wanabadilishana mavazi: yeye anatoa shati lake la jeshi, anachukua fulana ya Scotland. Nikasema mimi woga wangu wote umetokea hapo. Mtu anayekupenda ghafla namna hii, kukuchukia pia hakutamchukua muda.

Mwenyeji wetu hakubadili msimamo. Akataja ile hotuba ya mwanzo mbele ya wanakijiji, akasema pale anaona mwigizaji anayejua kamera iko wapi. Sikukubaliana naye, lakini ni hoja, kwa sababu sote tuliweza kurudi kuitazama. Kaka wa tuzo hakuongeza neno mpaka tunaondoka. Nilifurahi sana, na bado nafurahi. Siku hizi muvi ikiisha wananigeukia mimi kwanza.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kutaja tukio, na wa pili ni huohuo. Usiseme "kaua" au "kachemka" halafu ukanyamaza. Kaua wapi? Kachemka dakika ipi?

Chukueni Us, muvi ya kutisha ya Jordan Peele, 2019. Lupita Nyong'o kacheza watu wawili, Adelaide na yule pacha wake wa chini ya ardhi, Red. Genge letu liligawanyika kwa sababu ya sauti ya Red, ile ya kukwaruza, hasa anapokaa sebuleni na kuwasimulia Adelaide na familia yake habari za msichana na kivuli chake. Shosti yangu alisema inamkera. Mimi ilinisimamisha nywele. Wengine walimtetea Lupita kwa kuwa ni Mkenya, jirani yetu, na tulimpigia vigelegele aliposhinda Oscar mwaka 2014. Mapenzi hayo ninayo pia, lakini hayajibu swali. Lupita alieleza kwamba alichota sauti ile kwenye maradhi yanayokaza misuli ya koo mtu anapoongea. Watu wenye maradhi hayo wakalalamika kwamba yamegeuzwa kitisho, naye akaomba radhi. Huo ndio ubishi wa watu wazima. Unaweza kuisifu kazi yake na bado ukawasikiliza wale walioumia, na rafiki asiyekubaliana nawe si adui yako, mwache amalize sentensi yake.

Acheni kujificha nyuma ya tuzo. Tuzo imetolewa na watu waliokaa na kutazama, na nyinyi mna macho.

Wewe wa Morogoro, safari ijayo chagua tukio lako kabla hawajaanza kupiga kelele. Lishike lilivyo: nani kasimama wapi, mikono inafanya nini, sauti inapanda au inashuka. Wakicheka, waambie warudishe nyuma waliangalie tena.