Jioni pasi haipati moto, ni kweli LUKU inakula zaidi?

SWALI: Shikamoo fundi. Mi napiga pasi nguo za watu hapa Mbagala Rangi Tatu, pasi yangu imeandikwa wati 1000. Juzi asubuhi fundi wa mtaani kaipima akasoma volti 220 na ampea 4.4, akasema ina omu 50 iko poa, sijaelewa hiyo 50 kaitoa wapi. Shida ni jioni, volti zinashuka mpaka 170, suruali moja naisugua mpaka mkono unauma, halafu majirani wanasema umeme ukiwa mdogo LUKU inakula zaidi. Kweli?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hiyo 50 kagawanya tu volti kwa ampea, 220 gawanya kwa 4.4, ndo ukinzani huo, yaani jinsi pasi inavyozuia umeme kupita, kanuni aliyoichapisha Mjerumani Georg Ohm mwaka 1827. Ukitaka wati unazidisha, 220 mara 4.4 ni 968, karibu kabisa na 1000 iliyoandikwa, kwahiyo pasi yako nzima.

Sasa jioni. Koili ya pasi, ule waya wa ndani unaotoa joto, inabaki na omu zilezile 50, kinachobadilika ni ampea: 170 gawanya kwa 50 ni 3.4, zidisha tena kwa 170 unapata wati 578. Hapo tulia uangalie vizuri maana wengi ndo wanapopotea, volti hazijapungua hata robo lakini moto umepungua kwa asilimia 40, sababu volti zikishuka zinashuka na ampea, unaumia mara mbili.

LUKU je? Yuniti moja ni wati 1000 kwa saa nzima. Ikiwaka mfululizo saa moja, asubuhi inakula yuniti 0.97 hivi, jioni 0.58, kwahiyo kwa saa jioni inakula kidogo. Ila majirani nao wana kaukweli: asubuhi kale ka-taa kadogo ka pasi kanawaka na kuzima, ikishapata moto inajikata yenyewe, jioni hakazimi kabisa, na muda wote unaosubiri joto linapotea hewani, so kwa kila suruali unaweza kulipa zaidi kidogo. Friji usiipigie hesabu hii, ile ina mota, volti zikiwa chini hivyo inaweza kuvuta ampea nyingi ikaungua, kama huna stabilaiza ichomoe.

Kabla hujalaumu nguzo muombe fundi apime volti pale pale pasi inapochomekwa, kwanza ikiwa imezimwa halafu ikiwaka. Wewe usijaribu, na mita ya fundi ikiwekwa upande wa ampea ikachomekwa kwenye soketi ni shoti hapohapo. Tuseme zinatoka 220 zinashuka 205: pasi sasa inavuta ampea 4.1, na zile volti 15 zilizopotea mara 4.1 ni wati 61.5 zinazochemka kwenye waya au kiungio fulani kabla ya kufika kwenye pasi. Mara nyingi ni ekstensheni nyembamba ndefu au soketi iliyolegea. Ukishika plagi ukakuta ya moto au imeanza kuwa kahawia, acha kuitumia leo leo, badilisha soketi na uweke waya mnene mfupi.